Freni kabla ya mvua: barua ya wazi kwa Gavana wa Mkoa wa Tanganyika na kwa wenye motokari zinazopanda Pepa

Mheshimiwa Gavana,
Bwana Msimamizi wa Teritwari ya Moba,
wakubwa wa Ofisi ya Barabara na wa polisi ya rulaji,
nanyi wapatroni mnaopakia Kalemie, Moba na Pepa,

Nawaandikia kutoka Pepa, barabara ikiwa bado kavu, na wakati huu nimeuchagua kwa makusudi. Katika kipwa, lori lenye freni nusu hupanda milima ya Marungu, likashuka, likafika, tena likasifiwa kwamba ni gumu. Mpira uliokwisha meno hushika ardhi ngumu kama mpira mpya. Taa iliyokufa haimsumbui mtu, kwa kuwa shofa husafiri mchana na mbele yake kuna vumbi tu. Kuanzia Oktoba hadi Aprili mambo hayako hivyo: kila ubovu uliofichwa na ukavu hutokeza siku moja, kwenye mteremko mmoja, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia. Ombi langu ni moja na nalitaja mapema ili msilitafute. Kila motokari ya mizigo au ya abiria inayopanda huku itengenezwe na kukaguliwa kabla ya mvua, kufikia tarehe 15 Septemba ya kila mwaka. Wakaguzi wawe mafundi, ukaguzi usiwe na malipo, na ile isiyofaa isipande mpaka itengenezwe.

Tuanze na mahali penyewe. Maji ya Ziwa Tanganyika yako kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya bahari. Milima ya Marungu, iliyogawanywa sehemu mbili na mto Mulobozi unaoingia ziwani kaskazini kidogo ya Moba, hufika mita 2,100 upande wa kaskazini-mashariki na mita 2,460 upande wa kusini-magharibi. Kwa hiyo lori linalochukua chumvi, simenti na mafuta ziwani, kisha likarudi na maharagwe, viazi au ng'ombe, halisafiri masafa peke yake. Linapanda na kushuka kimo kinachokaribia kilomita nzima. Kupanda ni kazi ya injini, na injini ikichoka hukujulisha: hunguruma, hutoa moshi mweusi, husimama. Kushuka ni kazi ya freni, nayo freni hailalamiki mpaka imeshindwa. Chukua lori lenye tani 10 pamoja na mzigo wake, ulishushe mita 1,000. Nguvu yote iliyotumika kulipandisha lazima itokee mahali fulani wakati wa kushuka, nayo hutokea kama joto katika freni, na katika injini ikiwa shofa ameliacha kwenye gia. Joto hilo ukilihesabu linatosha kuchemsha lita 300 hivi za maji ya baridi, yaani drumu moja na nusu. Patroni akiongeza magunia mpaka tani 15, ni zaidi ya drumu mbili. Kazi hiyo yote inafanywa na vipande vya bitana ya freni ambavyo mtu anaweza kuvibeba mkononi, na vikiwa vimeliwa mpaka misumari yake inaonekana, hakuna ustadi wa mguu utakaovisaidia.

Joto hilo haliishii kwenye bitana. Kwenye motokari ndogo na malori madogo, mguu husukuma mafuta ya freni, mafuta husukuma pistoni gurudumuni. Mafuta ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205. Lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, mwaka baada ya mwaka, hata kifuniko cha kopo lake motokarini kikiwa kimefungwa. Yakishakunywa maji ya kutosha huweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Haya ni mafuta ya kweli yaliyozeeka tu. Kuna jambo baya zaidi linalojulikana katika njia zote za mbali: kopo likikosekana, huongezwa maji ya sabuni. Maji ufukweni yanachemka karibu na nyuzi 100, na kwenye kimo cha mita 2,000 yanachemka kwenye nyuzi 93, jambo ambalo kila mama wa Pepa anayepika maharagwe analijua kwa muda anaokaa jikoni. Basi mtu anayeanza kushuka kutoka juu na maji kwenye mabomba ya freni ameanzia mahali ambapo maji hayo ni mepesi zaidi kuchemka. Yakichemka huwa mvuke, na mvuke hubonyezwa. Pedali inashuka mpaka sakafuni kama inayokanyaga pamba, na gurudumu halina habari. Akisimama saa moja, vyuma vikapoa, pedali inarudi kuwa ngumu, na fundi anayeitwa baadaye haoni kosa. Ndiyo maana ajali za namna hii huandikwa kuwa bahati mbaya, au husemwa kuna mkono wa mtu. Sababu imo koponi, nayo ingeonekana Septemba kama mtu angefungua kifuniko, akatazama rangi, akamwaga yale meusi na kutia mapya.

Malori makubwa hutumia hewa, na hewa ina adui yake. Kompresa huvuta hewa ya asubuhi yenye ukungu, hewa inabanwa, maji yanabaki chini ya tangi. Chini ya kila tangi kuna kipete kidogo cha waya. Konvoyeri, msaidizi wa shofa, akilala chini ya lori alfajiri na kukivuta, hutoka mvumo wa hewa, kisha mate meupe ya maji yaliyochanganyika na oili, kisha hewa safi. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Isipofanywa kwa wiki kadhaa za mvua, tangi lililotengenezwa kubeba hewa linabeba maji, hewa ya akiba inapungua, na shofa anayekanyaga freni mara ya nane kwenye mteremko mmoja anakuta sindano imekwisha shuka. Kuna pia desturi ya kuziba. Bomba la gurudumu moja linapovuja na kipuri hakipo, hupigwa kwa nyundo na kukunjwa, au hufungwa kwa msumari, ili magurudumu matatu yaendelee. Kwenye njia kavu na tambarare motokari inasimama, ikivuta upande mmoja kidogo. Kwenye tope, kule kuvuta upande mmoja ndiko kunakoligeuza lori likavuka njia. Naijua thamani ya fundi anayeziba bomba ili watu wasilale porini, alifanya alichoweza. Kosa ni la anayeiacha motokari katika hali hiyo miezi mitatu baada ya kufika mjini.

Sasa tope lenyewe. Kwenye lami kavu, motokari inayokwenda kilomita 40 kwa saa husimama ndani ya mita 9 hivi tangu freni zinaposhika. Kwenye theluji iliyoshindiliwa, msuguano unashuka chini ya theluthi, na motokari ile ile inahitaji mita 30 na zaidi. Udongo wetu mwekundu wenye mfinyanzi, ukishanyeshewa, una tabia za theluji kuliko za lami: utando mwembamba wa maji na uji wa udongo juu, ardhi ngumu chini, gurudumu likielea katikati. Na bado hiyo ni hesabu ya njia tambarare. Kwenye mteremko unaoshuka mita 10 kwa kila mita 100, nusu ya msuguano huo mdogo inaliwa na kulizuia lori lisiteleze kwa uzito wake, na nusu tu inabaki ya kulisimamisha. Mita 30 zinakuwa mita 60. Shofa anayeliona lori limekwama kwenye kona mita 40 mbele yake amekwisha kuligonga, ila jambo hilo bado halijatokea. Kwa sababu hiyo nasema kwamba mwendo, gia na mpira huamuliwa kabla ya mteremko. Ndani ya mteremko wenyewe uamuzi uliobaki ni mdogo sana.

Katika nchi za baridi wamelielewa jambo hili na kulitia katika sheria. Ndugu zetu wengi wanaoishi Montréal wanajua kwamba Québec, tangu mwaka 2008, huwalazimisha wenye motokari ndogo na taksi kuvaa mipira ya baridi katika kipindi kilichopangwa. Mwanzoni kipindi hicho kilianza tarehe 15 Desemba; baadaye kikarudishwa nyuma hadi tarehe 1 Desemba, na kinaishia 15 Machi. Mwenzangu msomaji asidhani naomba mipira ya theluji Marungu. Mimi natazama tarehe. Sheria yao haisemi kwamba mtu abadilishe mipira siku theluji itakapoanguka, kwa maana siku hiyo gereji zimejaa na barabara imekwisha kuteleza. Ilipoonekana kwamba baridi inawatangulia watu, tarehe ilisogezwa mbele ya baridi. Sisi mvua zetu tunazijua kuliko wao wanavyoijua theluji yao. Milimita 1,200 hivi zinazonyesha Marungu kwa mwaka, sehemu kubwa yake inashuka kati ya Oktoba na Aprili, na wakulima wetu hutayarisha mashamba kwa kalenda hiyo bila kuambiwa na mtu. Shamba lina tarehe yake. Motokari inayobeba mavuno ya shamba hilo haina.

Kuhusu mipira, kuna neno la tahadhari ambalo wanunuzi wangepaswa kulisikia. Mipira mingi inayouzwa kwetu imetumika kwanza Ulaya au Japani, na mingine ni ya baridi hasa: utaiona ina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Meno yake ni marefu na yamekatwakatwa, na macho yanashawishika. Lakini mpira huo umepikwa ubaki laini kwenye baridi ya chini ya nyuzi 7, na kwenye joto la Kalemie hulika upesi na kuyumba chini ya mzigo. Anayepanda Marungu katika mvua anataka mpira wa kazi wenye meno mapana, yanayotema tope gurudumu linapozunguka, na usiozeeka. Umri wake umeandikwa ubavuni kwa tarakimu nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo unaweza kuwa na meno kamili na bado nyuzi zake zimekauka ndani. Na ule uliochongwa upya kwa kisu cha moto ili uonekane una mifereji, kisu kimeondoa mpira uliokuwa ukizilinda nyuzi. Mkaguzi akiujua huo peke yake, atakuwa ameokoa watu. Minyororo ya kufunga kwenye magurudumu, ile ile inayotumiwa kwenye theluji, inafaa pia kwenye tope, mradi ifungwe kwenye magurudumu yanayosukuma ya pande zote mbili, tena kabla ya kuingia shimoni. Aliyekwisha zama mpaka ekseli anaifunga wapi?

Baridi nayo tunayo, hata kama hatuna theluji. Watu wa ufukweni wanaofika Pepa Juni na Julai hukopa makoti, lakini motokari yao hakuna anayeivika kitu. Betri iliyochoka, ambayo chini Moba iliwasha injini kila asubuhi, huku juu alfajiri haizungushi. Ndipo huzaliwa tabia ya kuliegesha lori kwenye mteremko usiku ili kesho liwashwe kwa kulisukuma, likiwa limezuiwa na jiwe chini ya gurudumu kwa sababu freni ya mkono haifanyi kazi. Asubuhi jiwe linasukumwa kando kidogo, au linaachwa pale pale. Mawe ya namna hiyo, pamoja na matawi yaliyowekwa kuonya kwamba kuna lori bovu, hubaki barabarani baada ya lori kuondoka, na usiku wa ukungu pikipiki huyakuta. Kila lori lipande na kabari mbili za mbao, zifungwe kwa kamba kwenye chasi ili zisisahaulike: seremala yeyote anazikata kwa saa moja. Taa nazo ni neno zito huku. Ukungu wa Marungu hurudisha mwanga mkali usoni mwa shofa, kwa hiyo taa za chini ndizo zenye faida, na taa nyekundu za nyuma zina faida kuliko zote, maana anayekuja nyuma yako hakuoni kwa njia nyingine. Kioo kilichopasuka na vifutio vilivyokauka mpaka vinakwaruza ni vitu vya bei ndogo, na havina sababu ya kuvuka Septemba.

Najua jibu la kwanza litakalotoka kwa wapatroni na mashofa: tengenezeni barabara kwanza, ndipo mtuulize habari za freni. Neno hilo lina haki ndani yake na sitalipuuza. FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa kwa sheria mwaka 2008, hukusanya fedha kwenye mafuta na kwenye peaji, na mwananchi wa Pepa anayelipa nauli analipa sehemu ya fedha hizo hata kama hajawahi kushika usukani. Ana haki ya kuona mifereji imechimbwa na makalvati yamezibuliwa kabla ya Oktoba. Lakini tazameni jambo lililotokea Kenya. Kwenye mteremko mrefu wa Salgaa, njia ya Nakuru kwenda Eldoret, ambako lami ilikuwepo siku zote, malori yalijulikana kwa kuteremka gia ikiwa huru ili kuokoa mafuta, na mahali hapo pakawa na jina baya nchi nzima. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo, wakafa watu 36. Baada ya hapo serikali ilitenganisha njia ya wanaokwenda na ya wanaokuja. Sisemi ajali ya siku ile ililetwa na freni. Nasema kwamba lami haikuzuia tabia ya kuachia gia, na kwamba kutenganisha njia ni dawa ya nchi yenye fedha za kufanya hivyo. Huku njia ni moja, nyembamba, ya udongo, na haitakuwa ya lami Oktoba hii. Barabara mbaya inadai motokari nzima zaidi. Haimpi mtu ruhusa ya kuja na bovu. Na tuseme barabara itengenezwe kesho: mwendo utaongezeka, na joto la freni litaongezeka pamoja nao.

Jibu la pili ni la fedha. Bitana mpya, mafuta ya freni, mipira minne, hata betri, ni mzigo kwa mwenye lori moja la zamani aliyelinunua kwa mkopo wa ndugu. Ni kweli, na mkoa usijifanye haujui. Lakini gharama hiyo haitoweki mtu asipoilipa Septemba. Inahamia kwa wengine. Lori likikwama siku nne kwenye kona, viazi vya watu 30 vinaoza ndani ya magunia, malori yaliyo nyuma yanangoja, bei ya chumvi inapanda Pepa na bei ya maharagwe inapanda Kalemie. Likipinduka, familia ya aliyekuwa juu ya magunia ndiyo inayouza ng'ombe ili mgonjwa ashushwe hospitali, katika barabara hiyo hiyo, kwa motokari nyingine ambayo haijakaguliwa. Mwenye lori alihifadhi bei ya bitana. Wao wakailipa mara mia. Kama ni suala la msaada, basi mkoa una njia ya kusaidia: usamehe ushuru wake wenyewe, ule unaotozwa na mkoa na teritwari, kwa bitana, mafuta ya freni, minyororo na taa, kuanzia Julai mpaka Septemba. Mapato yatakayopotea ni madogo, na vipuri vitafika wakati vinapohitajika.

Jibu la tatu ndilo lenye uzito, nami ningelitoa mwenyewe kama ningekuwa shofa. Ukaguzi, katika nchi yetu, umekuwa jina jingine la kusumbua. Kila barieri mpya huleta mkono mpya, na anayesimamishwa kwa ajili ya taa hulipa, kisha huendelea na taa ile ile iliyokufa. Shofa aliyekwisha toa fedha kwenye barieri tano hafiki Moba akiwa na fedha za kununua bitana. Kwa hiyo nikiomba ukaguzi, watasema naomba barieri ya sita. Siombi hivyo, na sitaki arete ya Gavana itakayotoka igeuzwe kuwa hivyo. Sheria ya barabara tunayo tangu tarehe 30 Agosti 1978, na kontroli tekniki inajulikana. Kasoro yake ni kwamba karatasi iliyotolewa Februari, hata kwa haki kabisa, haijui hali ya freni mwezi Oktoba. Ninachoomba kifanywe mara moja kwa mwaka, mahali pachache, Kalemie, Moba na Pepa, siku zikiwa zimetangazwa redioni. Wakaguzi wawe mafundi wanaojulikana, waliochaguliwa na chama cha mashofa pamoja na Ofisi ya Barabara, nao walipwe na mkoa kwa siku. Kwa hesabu ya motokari wasilipwe, ili wasiwe na sababu ya kuharakisha wala ya kuchelewesha. Polisi wa rulaji wawepo kulinda utaratibu, wasishike karatasi wala fedha. Lori lijaribiwe likiwa na mzigo, kwenye mteremko mfupi, na mwenye lori aone mwenyewe linasimama wapi. Majina ya motokari zilizofaa yabandikwe mahali pa wazi, penye macho ya abiria, maana abiria ndiye mkaguzi asiyehongeka: hapandi lori lisilo kwenye orodha kama anajua orodha ipo. Na arete iseme wazi kwamba motokari iliyopita haitasimamishwa tena kwa neno la freni, mipira wala taa mpaka Aprili, isipokuwa ubovu unaonekana kwa macho. Hiyo ndiyo faida ya shofa. Anapoteza nusu siku Septemba, anapata miezi saba ya kupita.

Kuna wanaosema pia kwamba mashofa wa Marungu ni mabingwa, wamepanda njia hii miaka mingi, hawahitaji kufundishwa. Ubingwa wao ni wa kweli. Ni nani mwingine anayeweza kulipitisha lori kwenye daraja la magogo, gizani, kwa ishara za mkono wa konvoyeri? Lakini tazameni uamuzi unakaa kwa nani. Shofa hanunui bitana. Patroni ndiye anayenunua. Shofa hapangi idadi ya magunia. Anayepakia ndiye anayepanga. Shofa akikataa kuondoka na freni mbovu, kesho yake usukani unakabidhiwa mwingine ambaye hatakataa. Ukaguzi wenye tarehe unamwondolea shofa aibu ya kukataa, kwa sababu wa kukataa anakuwa mkoa. Kwa hiyo, wapatroni, barua hii inawahusu ninyi kuliko wafanyakazi wenu. Mtu anayemtuma mwenzake kushuka Marungu na mafuta ya freni meusi ameamua jambo kwa niaba yake bila kumwuliza.

Suala la abiria juu ya mizigo sitalizungumza kwa urefu, ingawa linaniuma. Mpaka siku zitakapokuwepo motokari za abiria za kutosha, watu watapanda juu ya magunia, na marufuku tupu itawapandisha usiku badala ya mchana. Lakini kimo cha shehena kinaweza kuwekewa mpaka, kwa kuwa lori refu juu hupinduka kwenye mwinamo ambao lori fupi linaupita, na kwenye miteremko mikali watu wanaweza kushushwa watembee. Mashofa wengine hufanya hivyo tayari, nao wanastahili heshima. Barieri za mvua nazo zitumike kwa kazi yake: mvua ikinyesha malori yasubiri saa chache mpaka maji yapite na utando ukauke, bila mtu kufunguliwa mti kwa fedha huku wenzake wanangoja.

Mheshimiwa Gavana, tangu mwaka 2015 Tanganyika ni mkoa unaojiongoza, na uamuzi wa namna hii haungoji tena Lubumbashi. Arete moja ya ukurasa mmoja inatosha kwa mwaka wa kwanza: tarehe, mahali patatu, majina ya mafundi, na vitu vya kukagua, yaani bitana, mafuta au hewa ya freni, freni ya mkono, mipira, taa, vifutio, kabari na minyororo. Mwaka wa kwanza utakuwa na makosa. Malori mengine yatapita yasiyofaa, na wenye mengine watalalamika kwa haki. Orodha itarekebishwa mwaka wa pili. Nawaomba itoke kabla ya Agosti kwisha, ili mwenye kuagiza vipuri kutoka Kalemie avipate lori likiwa bado linaweza kusimama kwenye ardhi kavu kuvipokea. Huku Pepa, mafundi wa kuanza nao wapo, na mteremko wa kujaribia freni upo karibu.

Mkaaji wa Pepa, Marungu